Mkono Uliopinda Kwenye Kabati la Baiolojia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Seli, na hakuwa na la kufanya. Kila somo lake, liwe la mizizi, liwe la minyoo, liwe lile la uzazi ambalo darasa zima lilikuwa likilisubiri kwa hamu tangu mwaka uanze, lazima lianzie kwenye seli. "Tuanze na kitu kidogo," angesema, na huko nyuma mtu angenong'ona, "Seli," darasa likacheka, naye akacheka nao. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, koti jeupe lililofubaa hadi kufanana na chai ya maziwa, na wivu wa ajabu juu ya hadubini moja ya shule. Aliifuta mwenyewe kila jioni kabla ya kwenda nyumbani kwa mama yake.

Shule ilikuwa ya serikali, na nikisema ya serikali umeshanielewa. Maabara moja kwa watoto wote wale, mabomba yamepangwa vizuri kwenye meza na hata moja halitoi maji. Mwalimu wa kemia alifundisha moto kwa kuuchora ubaoni. Wa fizikia alikuwa na sumaku moja tu, na alilala nayo, maana akiiacha mezani asubuhi anaikuta imebandikwa kwenye dirisha la ofisi ya mkuu wa shule. Watoto wanafaulu kwa kukariri, halafu wakubwa wanakuja kwa magari kuuliza kwa nini hatuna madaktari. Tuyaache hayo, yananipandisha hasira bure.

Ndipo ikaanza kamati. Kwa kawaida kamati zinanichosha, watu wanakutana kupanga siku ya kukutana. Hii haikuwa hivyo. Alianza seremala wa mtaa wa nyuma, ambaye binti yake alikuwa kidato cha tatu. Alikuja shuleni na vumbi la mbao kichwani akauliza, "Mwanangu ananiambia jaribio la kemia wanalifanya kwa macho. Kwa macho vipi?" Hakungoja ajibiwe. Jumamosi iliyofuata alirudi na stuli. Akamvuta rafiki yake mchomeleaji, mchomeleaji akamvuta dada yake aliyekuwa muuguzi na sasa amestaafu, muuguzi akamvuta mwenye duka la dawa. Kwa heshima walijiita Marafiki wa Maabara. Walimu, wanapokuwa peke yao, waliwaita Kamati ya Chupa, kwa sababu msaada wao wa kwanza kabisa ulikuwa gunia la chupa tupu za dawa ya kikohozi, zimechemshwa zikang'aa.

Siku moja muuguzi alimwuliza Mwalimu Seli, "Wewe mwenzetu, kitu gani kinakukwamisha zaidi?" Mwalimu hakufikiri hata kidogo. Alisema mifupa. Miaka yote alikuwa akifundisha mifupa kwa picha iliyochanika magotini. Muuguzi akasema hospitali kuu kuna mzee anayeunganisha mifupa kwa ajili ya chuo cha udaktari, na huyo mzee hamnyimi yeye kitu. Kwa hiyo usije ukasema mambo haya alitupiwa tu. Aliyaomba kwa mdomo wake.

Sasa lazima nikwambie habari za kaka yake Mwalimu Seli, la sivyo tutapotezana.

Walizaliwa wawili tu, kaka na yeye. Kaka alikuwa mpakiaji mizigo, mtu wa vituko, anayeweza kumchekesha mama hadi mama atafute pa kukaa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, siku ya kawaida kabisa, mchana, alitoka na ndala miguuni na viatu mkononi. Soli ya kimoja ilikuwa imefunguka mdomo. "Naenda kushona kiatu," alisema. Hakurudi. Fundi viatu alisema hakumwona siku hiyo. Polisi walisema watu wazima huwa wanaondoka. Baba mdogo, ambaye naye sasa ni marehemu, ndiye aliyetumwa mochwari kuangalia, na alirudi haraka mno. "Hayupo," alisema, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyemwuliza kama aliwaangalia wote. Mama alilishika lile neno "hayupo" kwa mikono miwili, na tangu hapo hakutaka mtu aseme marehemu mbele yake. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na dua, hapakuwa na kitu. Watu walimpa pole ya ugonjwa, pole ya safari, pole ya chochote, ila pole yenyewe hakuna aliyethubutu.

Na jambo lingine. Utotoni kaka aliwahi kuanguka ukutani akavunjika mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Bibi mmoja jirani aliyekuwa akiunga mifupa aliufunga, nao ukapona, lakini ukapona umepinda kwa nje, na juu kidogo ya kiganja ukabaki na nundu. Mama aliukanda kwa maji ya moto jioni zote za msimu mzima. Kaka alizoea kusema mkono wake una kona, na mizigo ikifika hapo inapunguza mwendo.

Siku ya kukabidhi mifupa, mkuu wa shule alitoa hotuba iliyotaja kila mtu isipokuwa seremala, na seremala ndiye aliyetengeneza kabati. Lilikuwa kabati refu la mbao, lina mlango wa kioo. Walipoliingiza limelazwa, mwanafunzi mmoja akasema, "Mungu wangu, jeneza." Seremala akanuna. "Jeneza lina kioo wapi? Hebu heshimuni kazi ya mtu." Wakalisimamisha. Ndani yake mifupa ilining'inia kwenye chuma cha mchomeleaji, myeupe, misafi, fuvu limeinama kidogo utadhani linasikiliza. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu Seli naye alipiga makofi. Halafu macho yake yakateremka kutoka begani hadi kwenye kiwiko, yakafika chini ya kiwiko cha kushoto, mikono yake ikasimama.

Mifupa miwili ilikuwa imepinda kwa nje. Juu ya kiganja palikuwa na nundu.

Alijikaza akatoa shukrani. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. Watu walipoondoka alifunga kabati kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa koti, akakaa kwenye stuli mbele ya kioo hadi mlinzi alipokuja kumwuliza kama haendi nyumbani leo.

Kuanzia hapo mwanamke yule hakuwa na raha. Alifika asubuhi mapema kuliko wafagiaji, na kabla hajavua mkoba alisema mbele ya kioo, "Umeamkaje?" Alisema taratibu, lakini alisema. Akifundisha alikaa upande ambao kabati lisingekuwa mgongoni kwake. Upepo ukiingia dirishani waya ziligusana ndani, zikatoa mlio mdogo sana, naye alikatisha sentensi na chaki ikabaki hewani. Nyumbani mama alimwuliza mbona umepungua, anasema kazi nyingi. Mama alimpakulia zaidi. Alikula akiuangalia mkono wa mama ukishika mwiko, akiuhesabia mifupa yake bila kutaka.

Nawe utauliza, si mwalimu wa baiolojia huyu? Hakuangalia nyonga? Aliangalia, bwana. Aliangalia siku ileile. Nyonga ilikuwa pana na ya duara, nyonga ya mwanamke waziwazi, kitu anachokiuliza kwenye mtihani kila mwaka na anayekosa anamchapa kwa maneno. Aliiona, akajiambia wapo wanaume wa hivyo. Fuvu nalo lilikuwa dogo. Akajiambia kaka hakuwa na kichwa kikubwa, ni nywele tu. Kila alichokifundisha kwa miaka yote alikiweka pembeni kama mtu anayeondoa vyombo mezani, akabaki na mkono. Mtu aliyesubiri sana hukubali hata kipande.

Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani. Mifupa ilikuwa ndani ya kioo, mwalimu anafundisha kwa ile picha iliyochanika magotini. Watoto si wajinga. Walisema mwalimu anaogopa mizimu, wengine wakasema kuna sharti la hospitali. Maneno yakafika kwa kamati. Jumamosi yao ilipofika, seremala alizunguka kabati mara kadhaa akipiga mbao kwa kidole.

"Dada, niambie ukweli. Mlango unakwama?"

"Haukwami, kaka. Kazi yako nzuri."

Alilitamka neno "kaka" kama anavyolitamka kwa mwanamume yeyote, na siku hiyo alijisikia akilitamka.

"Basi mbona hatulitumii? Binti yangu anasema hajaugusa hata mfupa mmoja. Sisi tumehangaika, mwalimu. Simsemi mtu, lakini tumehangaika."

Alikuwa na haki. Muuguzi alimvuta mwalimu pembeni, akamtazama kama wauguzi wanavyotazama, kwanza macho halafu mikono. "Kuna nini?" Mwalimu Seli akataka kudanganya, akashindwa. Alisema, "Nataka kujua ni nani." Muuguzi hakumcheka wala hakumwuliza swali la pili. Alimwambia akaonane na mzee mwenyewe, na amwambie katumwa na yeye.

Karakana ya mzee ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye sinki pana na harufu ya dawa ya kufulia. Mzee alikuwa amevaa aproni ya mpira, miwani imefungwa uzi, anatoboa mfupa kwa drili ndogo kwa utulivu wa mtu anayetoboa shanga. Alifurahi kusikia anatoka kwa muuguzi. Hakufurahi aliposikia swali.

"Umepewa zawadi, mwalimu, unauliza baba yake nani?"

"Samahani, mzee wangu. Nauliza tu mifupa ilitoka kwa nani."

"Kwa watu wasio na wenyewe. Wanakaa mochwari, wanatangazwa, hakuna anayekuja. Chuo kinachukua wachache. Mimi nawasafisha." Aliweka drili chini. "Tena yako niliichagua vizuri. Niliambiwa ni ya watoto wa shule, nikasema hapa nisiaibike."

"Uliichagua vipi?"

Mzee akaona kwamba huyu haelewi, akamwonyesha. Kando ya ukuta kulikuwa na mapipa ya plastiki yenye mifuniko. Alifunua moja, mapaja. Alifunua jingine, mbavu. La tatu mikono. Alieleza kwa fahari kabisa. Akishasafisha haweki mtu na mtu, anaweka aina na aina. Ikija oda anachukua paja zuri, anatafuta mwenzake wa urefu uleule na rangi ileile, anatafuta nyonga inayokaa juu yake, anakwenda hivyo hadi juu. Mtu mmoja hakosi kasoro, alisema, huyu meno hana, yule mgongo umeliwa. Ukichagua unapata mtu kamili.

"Kwa hiyo yule wa shuleni…"

"Ni watu sita, saba. Huwezi kujua, eh? Watu wa chuo wenyewe hawajui."

Alisubiri asifiwe. Mwalimu Seli alishika ukingo wa sinki. Kumbe majuma yote yale alikuwa akiwaamkia watu saba, na pengine hata mmoja si wake. Akakumbuka nyonga, akaona aibu ya kitaaluma katikati ya machozi, na aibu hiyo ndiyo iliyomsaidia asianguke.

"Na mkono wa kushoto? Ule uliopinda?"

"Ah, ule!" Mzee akatabasamu. "Ule niliuweka makusudi. Wenye kunyooka wamejaa. Nikasema watoto waone mfupa uliovunjika ukaungwa. Umekaa humu miaka mingi, hakuna anayeutaka kwa sababu ya kona yake."

Alisema kona. Huenda ni neno la kila mtu anayeuona mkono kama ule. Mwalimu aliuliza kama kuna kipimo cha kujua mwenyewe. Mzee alitikisa kichwa. Aliichemsha mifupa yote, akailoweka kwenye dawa kali, hicho kipimo kitapata dawa tu. Kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akavua miwani. "Mwalimu, umepotelewa?" Aliposikia jibu, mzee alikaa juu ya pipa. Alisema mara mbili kwamba hakujua, na kweli asingejua. Mapipa yale yalikuwa na akina kaka wangapi, akina mama wangapi, na yeye alikuwa ameyapanga vizuri tu, kama jikoni.

Ijumaa, baada ya vipindi, Mwalimu Seli alifungua kufuli. Kwa koleo la maabara alilegeza waya kwenye kiwiko, akautoa mkono, kigasha na kiganja chake. Aliuzungushia koti lake jeupe, akauweka kwenye kikapu, juu yake madaftari. Njiani watu walimsalimia naye akawaitikia. Alikuwa ameamua. Yeye hawezi kujua, mzee hawezi kujua, kipimo hakiwezi. Aliyebaki ni yule aliyeukanda.

Roho yake ilikuwa inamwambia rudi. Mama alikuwa mtu mzima, ana moyo unaomsumbua, na miaka yote hiyo alisimama kwa sababu ya neno moja. Ukimwondolea hilo neno anasimama juu ya nini? Na kama usipomwondolea, atakufa akiwa bado anasubiri, na wewe utabaki ukiliamkia kabati hadi ustaafu. Alitembea na mambo haya mawili hadi mlangoni.

Mama alikuwa jikoni, ameinjika maji ya chai. Jua la jioni lilikuwa limeingia kupitia dirisha dogo hadi mezani. Mwalimu Seli alimwamkia, akaweka kikapu, akaanza kueleza na kueleza kukamshinda. Alisema tu, "Mama, kuna kitu cha shuleni nataka ukishike. Ukitaka kukataa, kataa."

"Kitu gani cha shuleni nikishike mimi?"

Alilifunua koti.

Mama hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye nguo yake, mbele na nyuma, akavuta kiti akakaa. Akauchukua mkono ule akauweka mapajani. Halafu kidole gumba chake kikaanza kushuka kutoka kiwikoni, polepole, kikibonyeza kidogo, kikafika palipopinda na kupinda napo, kikafika juu ya nundu. Hapo kikazunguka. Kikazunguka tena. Kilikuwa kinakanda. Mwalimu Seli aliona na akajua kwamba mama hajui kama anakanda.

Maji yalichemka, yakaanza kumwagika motoni yakizima kwa mlio. Hakuna aliyeinuka.

"Si yeye," mama alisema.

"Sawa, mama."

"Wake ulikuwa mnene zaidi."

"Sawa."

"Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Si yeye." Kidole kilikuwa bado kinazunguka. Chozi lilimdondoka likaangukia kwenye mfupa, akalifuta haraka kwa upande wa kiganja, kwa uangalifu, kama anavyofutwa mtoto uso. Mwalimu Seli alitamani kupiga magoti, alitamani kulia kilio kile walichokuwa wanadaiwa wote wawili kwa miaka yote, akaogopa kwamba akianza atakuwa amemjibia mama. Basi alisimama pale akaacha machozi yateremke bila sauti.

Muda ukapita. Jua lilitoka mezani likapanda ukutani. Mama akalichukua koti, akaliangalia, akaliweka kando. Akafungua sanduku lake akatoa kanga yake, ile nzuri ambayo haivai, akauvingirisha mkono ndani yake, akaingiza ncha taratibu. Akampa binti yake.

"Urudishe Jumatatu. Watoto wana mtihani."

"Nitaurudisha, mama."

"Hao watoto, wanapojifunza, wanaushikaje?"

"Bado hawajaushika. Huwa naonyesha pichani kwa kijiti."

Mama aliinuka, akaenda kwenye jiko, akalipa kisogo darasa lake hili la mtu mmoja. Akatia maji mengine kwenye sufuria. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeagiza chumvi.

"Waambie wasimchokoe na kijiti," alisema. "Waambie wamshike mkono."